Klabu za Makasia katika Jiji Lisilo na Mto



Miji mikubwa ya dunia karibu yote imeegemea maji. London ina Thames, Cairo ina Nile, Kinshasa na Brazzaville zinatazamana kutoka ng'ambo hii na ile ya mto Kongo, na miji yetu sisi watu wa pwani haina haja ya kuelezwa. Johannesburg ni kioja. Jiji la mamilioni ya watu, halina bahari, halina bandari, halina hata mto wa kuelea mtumbwi mmoja wa maana. Limekaa juu ya mgongo wa Witwatersrand, kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, mahali ambapo maji yanagawana njia. Tone la mvua likidondoka upande wa kaskazini huingia Jukskei, likaenda Crocodile, likaenda Limpopo, likamwagika Bahari ya Hindi huko karibu na Xai-Xai, Msumbiji. Tone jirani yake likidondoka upande wa kusini hufuata Klip, kisha Vaal, kisha Orange, na kuishia Atlantiki. Hakuna linalobaki.

Na bado, katika jiji hili hili, kuna vilabu vya kuvuta makasia. Vyenye mabanda ya mashua, vyenye bendera na rangi zao. Kule Wemmer Pan, kusini kidogo ya katikati ya jiji, ipo Viking Rowing Club. Kule Germiston, mji wa jirani mashariki, ipo Victoria Lake Club, kando ya ziwa linaloitwa kwa jina la malkia wa Waingereza. Watu waliohamia Sauzi wengi wanapita njia hizo kila siku na hawajui. Mimi mwenyewe nimeishi huku miaka kadhaa kabla ya kujiuliza swali la kitoto kabisa: maji haya yametoka wapi? Na nani aliyeyaleta?

Swali hilo ndilo la andiko hili. Historia za vilabu hivi, zile zinazoandikwa na wenyewe, kwa kawaida huanza na mashua: nani alianzisha, nani alishinda kombe gani. Mimi naona inafaa kuanza na maji.

Lakini kwanza nichokoze kidogo mambo ya lugha, maana hapa kuna wajuzi. Kiswahili hakikutuacha maskini katika shughuli hii. Tuna kafi na tuna kasia, na si kitu kimoja. Kafi unalishika mikononi, halikufungwa popote, unachota maji huku uso umeelekea omo, unaona uendako. Kasia ni refu, linapita kwenye kishwara, yaani kitanzi cha kamba ubavuni mwa chombo, na mvutaji anakaa kaipa omo mgongo, uso kwa tezi. Anakwenda asikokuona, anaona alikotoka. Tuna na pondo pia kwa maji mafupi. Vijana wa siku hizi wanasema "kupiga makasia" kwa yote matatu, sawa, lugha ni ya wenyewe, ila tofauti ile ilikuwa na maana yake.

Na katika pwani yetu kuvuta kasia ilikuwa kazi. Kazi ya mvuvi, ya baharia, na kwa karne nyingi kazi ya mtumwa. Mwenye chombo hakuvuta. Mgeni wa heshima hakuvuta. Tanga lilipokosa upepo, waliojua ni wale wa chini. Kwa hiyo mtu wa Lamu au Bagamoyo wa mwaka 1880 angeambiwa kwamba huko Ulaya kuna matajiri wanaolipa ada ili wapewe ruhusa ya kuvuta kasia, angecheka mpaka machozi.

Huko Uingereza nako ilikuwa kazi kwanza. Mto Thames ulijaa mabaharia wa kuvusha watu, na mashindano ya zamani yanayoendelea hadi leo, yale ya Doggett yaliyoanza mwaka 1715, yaliwekwa kwa ajili ya vijana waliokuwa wamemaliza tu kujifunza kazi hiyo ya kuvusha abiria. Baadaye wakaja wasomi wa Oxford na Cambridge na waungwana wa mjini, wakaipenda shughuli ile, wakaifanya mchezo. Na walipoifanya mchezo, ebu angalieni, jambo walilofanya ni kumfukuza mwenye kazi. Mwaka 1879 wasimamizi wa mashindano ya Henley waliandika kanuni kwamba mtu aliyewahi kufanya kazi ya mikono kwa ujira, awe fundi au kibarua, hahesabiwi kuwa mchezaji wa ridhaa. Sababu waliyotoa: kazi ya mikono inampa misuli ambayo mwungwana hana! Mwaka 1920 Mmarekani John B. Kelly, mwashi wa matofali kutoka Philadelphia, alikataliwa kushiriki Henley. Mwaka huo huo akaenda Antwerp akatwaa dhahabu ya Olimpiki. (Huyu ndiye baba yake Grace Kelly, mwigizaji wa sinema aliyeolewa Monaco.) Mwaka 1936 kikosi cha polisi wa Australia nacho kikakataliwa, eti polisi ni wafanyakazi wa mikono. Kanuni ile iliondolewa mwaka 1937.

Nayasema haya kwa sababu mchezo huu ulipofika Afrika ya Kusini ulifika na mlango wake tayari. Wengi hudhani ubaguzi ulipachikwa juu ya michezo na makaburu baada ya 1948. Hapana. Kanuni ya kumtenga anayefanya kazi kwa mikono ilishakuwemo ndani ya sanduku pamoja na makasia. Na katika mji wa migodi, nani alikuwa akifanya kazi kwa mikono? Hapo rangi na kazi vilikuwa vimeshashikana hata sheria hazijaandikwa.

Sasa turudi kwenye maji.

Dhahabu ya Witwatersrand ilitangazwa mwaka 1886. Dhahabu ile haikuwa ya kuokota mtoni kama ile ya California. Ilikuwa chembe ndogo mno ndani ya jiwe gumu, na jiwe lenyewe limelala kwa kuinama, likizidi kwenda chini kila unavyolifuata. Ili kuipata lazima ulivunje jiwe, ulisage katika vinu vya vyuma vilivyotwanga mchana na usiku, uliloweshe, uliosheshe, kisha kuanzia mwaka 1890 ulitie dawa ya sayanidi. Kila hatua inataka maji. Na mji, kama nilivyosema, hauna mto. Basi migodi ikafanya ilivyoweza: ikaziba vijito vidogo, ikachimba mabwawa, ikayashika maji ya mvua katika mabonde mafupi ambayo huku huitwa "pan". Wemmer Pan imebeba jina la mgodi wa Wemmer, miongoni mwa migodi ya mwanzo ya ukanda ule. Germiston nayo ilizaliwa ubavuni mwa mgodi wa Simmer and Jack, majina ya wafanyabiashara wawili, na huyo Jack ndiye aliyeuita mji kwa jina la shamba alikozaliwa karibu na Glasgow.

Kiu ya jiji haikuishia kwenye mabwawa. Mwaka 1903 ikaundwa Bodi ya Maji ya Rand, mwaka 1923 mto Vaal ukazibwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya jiji, mwaka 1938 likakamilika bwawa kubwa la Vaal, na tangu mwaka 1998 Johannesburg inakunywa maji yaliyotobolewa ndani ya milima ya Lesotho. Lakini mara tu maji ya bomba yalipofika, yale mabwawa ya migodi yalipata nafasi ya kuwa kitu kingine. Yakapandwa miti pembezoni. Yakaitwa maziwa. Watu waliotoka Uingereza na kumbukumbu za Thames wakayatazama, wakapima kwa macho, wakasema: hapa mashua inapita. Ndivyo mchezo wa mtoni ulivyopata makao katika maji ya kuoshea mawe.

Jumamosi moja nilikwenda kulizunguka lile la Wemmer kwa miguu. Pale Pioneer Park lipo jumba la makumbusho ya usafiri la James Hall, lilianzishwa mwaka 1964, limejaa magari ya kukokotwa na ng'ombe na tramu za zamani, linafaa kutembelewa. Kisha unakuja kwenye mabanda ya mashua. Asiyewahi kuingia banda la namna hii alifikirie hivi: chini ni ghala refu lenye vyuma vya kulaza mashua, moja juu ya nyingine kama samaki kwenye uchaga. Mashua ya watu wanane ina urefu wa kiasi cha mita 17 na zaidi, nyembamba mno, na uzito wake wa chini kwa kanuni ni kilo 96 tu, yaani kila mvutaji anabeba kilo 12 hivi. Wanaitoa kwa amri ya mmoja, wote pamoja, wakiipindua juu ya vichwa vyao na kushuka nayo majini taratibu. Nilipowaona vijana wale nilikumbuka namna watu wetu wanavyobeba jeneza, kila mtu anachukua hatua ya mwenzake. Juu ya ghala kwa desturi ni sehemu ya watu: baraza ya kutazamia mashindano, baa, na mbao zenye majina ya manahodha na washindi kwa herufi za rangi ya dhahabu.

Majina hayo ndiyo historia rasmi ya banda. Na mimi nilikuwa nikitafuta majina mengine.

Wazee wa Mbeya na Tukuyu wanalijua neno Wenela. Ni ufupisho wa shirika la Witwatersrand Native Labour Association, lililoanzishwa na makampuni ya migodi mwaka 1900 ili kukusanya vibarua kutoka nje ya Afrika ya Kusini. Msumbiji ndiko walikochota zaidi, na Nyasaland, lakini mkono wao ulifika mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, kwa Wanyakyusa wa Rungwe na majirani zao. Wapo waliojiandikisha, wapo waliokwenda kwa miguu yao wenyewe, wakapita Nyasaland na Rhodesia mpaka wakafika "Joni". Huko walikutana na lugha ya Fanakalo, ile ya amri za chini ya ardhi, ambayo nadhani kila mwanaisimu wetu angefanya vema kuilinganisha na Kisetla cha Kenya: lugha mbili za mtu mwenye fimbo, zilizotengenezwa ili mmoja aagize na mwingine aitikie.

Mwanzo wa karne watu wa kutoka nchi za joto walikufa migodini kwa nimonia kwa wingi uliotisha hata serikali ya wazungu wenyewe. Mwaka 1913 ikapiga marufuku kuajiri watu wa kutoka kaskazini ya latitudo 22 kusini. Fikirieni: watawala wale, ambao mwaka huo huo walipitisha Sheria ya Ardhi iliyowanyima Waafrika sehemu kubwa ya nchi yao, walitazama hesabu za vifo wakaona hapa tumezidi. Marufuku ikaondolewa miaka ya 1930, chanjo na matibabu vilipoboreshwa na migodi ilipohitaji mikono zaidi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, serikali ya Nyerere haikukubali kuendelea na mkataba wa Wenela, na njia ile ikafungwa. Malawi iliendelea mpaka ndege ya Wenela ilipoanguka karibu na Francistown mwezi Aprili 1974 na kuua zaidi ya watu 70, wachimba migodi waliokuwa wakirudi nyumbani. Mwaka 1977 Wenela ikaunganishwa na mwenzake ikawa TEBA.

Watu wale waliishi kambini, wanaume watupu, na kambi za ukanda ule wa kusini hazikuwa mbali na mabwawa. Jumapili, siku ya mapumziko, ndiyo siku yao ya ngoma. Ndiyo siku ya mashua pia. Sina haja ya kubuni mtu aliyesimama akitazama. Umbali unajieleza wenyewe: kwa upande mmoja wa bwawa kuna mtu anayevuta kasia kwa raha katika maji yaliyozibwa ili kusaga mawe, na kwa upande wa pili kuna aliyeyatoa yale mawe. Yule wa pili, kwa kanuni ile ya Henley, hangekuwa mchezaji hata angekuwa mweupe kama karatasi.

Baada ya 1948 mambo yakaandikwa wazi. Mwaka 1950 ikaja Sheria ya Maeneo ya Makundi, iliyogawa miji kwa rangi. Mwaka 1953 ikaja ile ya kutenganisha huduma, iliyohusu madawati, fukwe, mabasi, vyoo, na maji ya kuchezea. Sheria hii ya pili ilikuwa na kipengele cha unyoofu wa ajabu: ilisema kabisa kwamba huduma zilizotengwa si lazima ziwe sawa.

Kuna mahali pamoja palipobaki na mlango nusu wazi, napo ni ziwa jingine la kutengenezwa, Zoo Lake, upande wa kaskazini wa matajiri. Ardhi ile ilitolewa na kampuni ya Wernher, Beit mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kumkumbuka Hermann Eckstein, na inakumbukwa kwamba hati yake iliiweka kwa ajili ya watu wote bila kujali rangi. Kwa hiyo hata katika miaka mibaya mtu mweusi aliweza kutembea pale. Siwapi sifa sana matajiri wa dhahabu kwa hilo. Hati iliilinda bustani moja, na kampuni hiyo hiyo ilikuwa imewaweka maelfu kambini.

Wenye damu ya kwetu waliumia na sheria hizi kwa njia ambayo haisemwi vya kutosha. Durban kuna jamii inayoitwa Wazanzibari. Ni wazao wa watu waliokombolewa katika majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, walioshushwa bandarini Natal kuanzia mwaka 1873. Walikaa King's Rest, juu ya kilima cha Bluff, na bahari chini yao, wakashika Uislamu wao na Kimakua chao na chembechembe za Kiswahili. Serikali ya makaburu ilishindwa iwaweke kundi gani, ikawaandika "Waasia wengine"! Na miaka ya 1960 ikawahamisha kutoka Bluff kuwapeleka Chatsworth, bara, ambako bahari haionekani. Watu walioletwa na bahari wakaondolewa baharini kwa karatasi.

Huko nyuma nilisema kuna deni. Labda sikulisema kwa jina hilo, basi nilitaje sasa, maana wenzetu wa huku wengi hawalijui na sisi wenyewe tumeanza kulisahau. Afrika ya Kusini ilizuiwa kwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 na ikafukuzwa rasmi mwaka 1970. Mwaka 1976 New Zealand ilituma timu yake ya raga kwenda kucheza Afrika ya Kusini, na nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Montreal. Haikuondolewa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kutangaza kwamba haiendi. Na kutokwenda kule kulikuwa na jina la mtu: Filbert Bayi. Bayi, mtu wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, huku akikimbia mbele tangu hatua ya kwanza, na nyuma yake John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ilingoja marudio yao Montreal. Bayi alibaki nyumbani. Walker akachukua dhahabu.

Bayi alikuja kupata fedha Moscow mwaka 1980, katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hizo mbili ndizo medali za Olimpiki za Tanzania mpaka leo hii ninapoandika. Kwa taifa ambalo hazina yake yote ya Olimpiki ni fedha mbili, mbio zile za Montreal hazikuwa kitu kidogo. Mtu akiniambia michezo na siasa visichanganywe, namwuliza: kwa bei ya nani?

Sheria ya kutenganisha huduma ilifutwa mwaka 1990. Mwaka 1991 Afrika ya Kusini ikarudishwa katika Olimpiki. Milango ya mabanda ikafunguliwa, angalau kisheria. Nasema kisheria kwa sababu mlango wa pili, ule wa pesa, haukuwa na sheria ya kufutwa. Mashua moja ya mashindano ni bei ya gari. Shule zenye mabanda yao zilikuwa zile zile za zamani.

Lakini kusini mwa jiji kuna shule ya serikali inayoitwa Mondeor High School. Hapo alisoma kijana Sizwe Ndlovu, mzaliwa wa Newcastle huko KwaZulu-Natal, na hapo ndipo alipojifunza kuvuta makasia, mchezo ambao nyumbani kwao hakuna aliyeujua. Tarehe 2 Agosti 2012, akiwa na miaka 31, alikuwa ndani ya mashua ya watu wanne wa uzito mwepesi katika fainali ya Olimpiki, maji ya Dorney nje ya London, pamoja na James Thompson, Matthew Brittain na John Smith. Uzito mwepesi maana yake wastani wa wanne hao usizidi kilo 70, basi si mbio za majitu. Waafrika ya Kusini walikuwa nyuma sehemu kubwa ya safari. Denmark walikuwa mabingwa wa Beijing, Waingereza walikuwa nyumbani kwao na kelele za watu wao. Katika mita 500 za mwisho mashua ile ikaanza kupanda, ikala moja, ikala nyingine, na kwenye mstari ikatangulia Waingereza kwa robo ya sekunde: dakika 6 na sekunde 2.84 kwa 6 na 3.09. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Afrika ya Kusini katika makasia, na Ndlovu akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huo.

Nimeitazama mbio ile mara nyingi kwenye kompyuta na bado inanisisimua. Hata hivyo siridhiki na jinsi inavyotumiwa. Kila palipoandikwa juu ya mabadiliko ya mchezo huu huku, Ndlovu huwekwa mbele kama pazia, na nyuma ya pazia huoni mabanda mangapi ya shule za kawaida yamejengwa tangu siku ile. Tena mashua yenyewe imekufa kimchezo: wanne wa uzito mwepesi waliondolewa katika Olimpiki baada ya Rio 2016, na baada ya Paris 2024 uzito mwepesi wote umeondolewa. Hoja ya kuuweka uzito mwepesi tangu mwanzo ilikuwa kuwapa nafasi watu wa mataifa ambayo hayazai majitu ya mita mbili. Kwa Afrika Mashariki nafasi ile ilikuwa na maana pia. Uganda ilipata mvuta makasia wake wa kwanza wa Olimpiki, Kathleen Noble, katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Sisi Watanzania, wenye Ziwa Victoria, Tanganyika, Nyasa na pwani nzima, hatujapeleka hata mmoja. Tuna ngalawa za mashindano, na watoto wa Kojani na Mafia wanajua maji kuliko kocha yeyote wa Ulaya. Nadhani kwetu kasia bado ni kazi mno kuwa mchezo. Mzazi aliyevuka maisha kwa kasia hamtumi mwanawe shule akajifunze kasia.

Na maji ya Johannesburg je? Yanadai. Migodi mingi ilipofungwa, pampu zilizokuwa zikiikausha zilizimwa, na mashimo ya miaka mia yakaanza kujaa. Maji yakikutana na mawe yale yenye salfa na hewa hugeuka asidi, yakayeyusha metali na kupanda nazo. Mwaka 2002 yalifurika juu ya ardhi huko Randfontein, magharibi. Katikati, chini ya jiji lenyewe, yaliendelea kupanda mpaka ikabidi kujengwa mtambo wa kuyavuta na kuyasafisha hapo Germiston, ulioanza kazi mwaka 2014. Juu ya hayo kuna majitaka ya mabomba yaliyochoka. Magazeti ya huku yameandika tena na tena juu ya uchafu wa Wemmer Pan, wavuta makasia wakilalamika kwa harufu. Hata Roodeplaat, bwawa la karibu na Pretoria linaloandaa mashindano makubwa ya taifa, limekuwa likipigana na magugu maji. Kwa hiyo wale waliokuwa wakigombania nani aingie majini sasa wamekutana kwenye swali la kama maji yanaingilika.

Jalada za Wenela na TEBA zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Johannesburg, dakika chache tu kwa gari kutoka Wemmer. Ni karatasi za mwajiri, na karatasi za mwajiri humwona mtu kama namba, kijiji, mkataba na siku ya kurudi, au kutorudi. Upande wa pili wa hadithi uko Rungwe, Kyela na Ileje, kwa wajukuu. Wazee wenyewe, walioingia kabla ya 1961, wamebaki wa kuhesabika. Basi kama yupo miongoni mwenu mwenye babu au baba mdogo aliyekwenda Joni, naomba aandike alichosikia nyumbani: mgodi gani, alipanda nini kufika, alirudi na nini, Jumapili alikuwa akifanya nini. Jina la mgodi hata likitamkwa Kinyakyusa tutalitambua tu, maana wazee wale waliyageuza majina yote, na mimi ninakusanya orodha.